Umeoa/umeolewa na mgeni na mnataka kuhama nchi? Ulizaneni kwanza nani atakua mgeni (uzi mrefu kidogo)

mpare wa milimani:

Habari za humu wakuu.

Kila wiki naona nyuzi za "nimepata mzungu, nafanyaje kwenda mamtoni" na majibu yake ni yale yale, nusu wivu nusu "utaenda kubeba maboksi". Leo nimeona nishushe wangu maana mi hii kitu nimeiishi pande zote mbili. Mke wangu ni Mjerumani, tulianza maisha Moshi, baadae tukahamia kwao, mji mmoja mdogo jirani na Stuttgart. Kwahiyo kuna kipindi yeye ndo alikua mgeni kwetu, na sa hivi mgeni ni mimi. Ninachotaka kusema ni kimoja tu, watu wanaanza na viza wakati viza ni karatasi, ukifata utaratibu utaipata. Cha kukaa chini mkaongea usiku kucha ni hiki: mkihama, ni nani kati yenu anaenda kua mgeni, kwa muda gani, na zamu ya mwenzie itafika lini. Hayo msipoyaongea mtakuja kugombana kwa kisingizio cha vyombo.

Nianze na kwetu. Wengi tunadhani mzungu akija bongo kaja kutanua. Mke wangu kasomea kazi yake, ana uzoefu, ila kuolewa na Mtanzania hakukupi ruhusa ya kufanya kazi. Alikua kwenye hati ya mtegemezi kupitia mimi, na mtegemezi haruhusiwi kuajiriwa. Mpaka apatikane mwajiri amuombee kibali cha kazi kwa kamishna wa kazi, kile cha sheria ya 2015 ya ajira za wageni, halafu ndo uhamiaji watoe kibali cha ukaazi daraja B. Yani ofisi mbili, vibali viwili, ada mbili. Muda wote huo mtu mzima kakaa nyumbani anasubiri mume arudi na hela ya mboga, mtu ambae toka ana miaka 19 anajilipia kodi mwenyewe. Jirani zetu walikua wanasema "shemeji anafaidi, anapumzika". Haloo! Hakua anapumzika, alikua anachakaa.

Na yeye ana nafuu kwasababu ni mwanamke. Sheria yetu ya uraia ya 1995 inamruhusu mwanamke wa kigeni alieolewa na Mtanzania aombe uraia kwa njia ya ndoa. Mwanaume wa kigeni alieoa dada yetu hana mlango huo, anapanga foleni ya kawaida kama mgeni mwingine yeyote. Dada zangu mlioolewa na wageni na mnapanga kurudi kuishi nyumbani, hilo mlijue kabla hamjauza vitu huko mliko.

Sasa posa, hapa kidogo nicheke. Baba zangu wadogo wakasema hatuwezi kuoa kimya kimya kama tumeiba, lazima barua iende kwao na mshenga. Tukapanga mshenga aongee na baba mkwe kwa video. Mzee wa watu akakaa mbele ya kompyuta amevaa shati lake zuri, mshenga akaongea kwa mafumbo yote ya Kipare mara tumeona ua, mara tumekuja na jembe, mi natafsiri jasho linanitoka. Baba mkwe akasikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa upole kwamba anashukuru sana kwa heshima ila binti sio wake wa kumtoa, muulizeni mwenyewe. Kimya. Wazee wakatazamana. Kwao hilo sio jibu, ni kama mzee kasusa. Ikabidi mke wangu aseme mbele ya wote "nimekubali", na baba mdogo akaamua kwamba kwakua binti kajisemea basi mahari apewe binti. Akapewa mbuzi. Jike, na alizaa.

Ndoa ya serikali tulifungia kwa mkuu wa wilaya, siku 21 za tangazo kama sheria ya ndoa ya 1971 inavyotaka. Yeye alileta cheti toka kwao kinachoonyesha hana ndoa nyingine, wao wanakiita Ehefähigkeitszeugnis na kinadumu miezi 6 tu, msikiombe mapema mkajisifu.

Naendelea chini, ngoja nimlaze mtoto.

binti chumbageni:

Nimeweka kigoda nasubiri. Hapo kwa mshenga nimecheka hadi mume wangu kauliza kuna nini, na nikianza kumueleza itabidi nianzie mwaka juzi 😂

mzee wa Sakina:

Mkuu umesahau ardhi. Mimi nipo Arusha, nimeshuhudia jamaa wa kigeni ameoa binti wa hapa, wamejenga bonge la nyumba kwa hela yake yeye. Asie raia kwa sheria ya ardhi ya 1999 hapewi ardhi isipokua kwa uwekezaji kupitia utaratibu wa mamlaka ya uwekezaji, kwahiyo hati ipo kwa jina la mke. Mke akafariki. Sasa ndugu wa mke wapo getini na mgeni wa watu ana risiti za saruji tu. Sisemi ndugu wote wabaya, ila mkioana kimataifa andikeni wosia, msione aibu, sio uchuro.

mpare wa milimani:

@mzee wa Sakina umenena vizuri. Na watoto wenu wakiwa na uraia wa Tanzania hati iweke majina yao mapema.

Tuendelee. Kuja Ujerumani. Mwenza wa Mjerumani anatakiwa awe na Kijerumani cha A1 (ngazi ya kwanza kabisa ya lugha) kabla ya viza. Mtihani nilifanyia Goethe, taasisi ya lugha ya Wajerumani, pale Upanga Dar, una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, na unahitaji 60 kwenye 100. Sio mgumu ukisoma kweli, tatizo watu wanakariri YouTube wiki mbili. Halafu nyaraka zinapelekwa ubalozini Umoja House. Ada ya viza kwa mke au mume wa Mjerumani HAKUNA, ni bure, ukisikia wakala anakuambia umpe hela ya viza ya ndoa huyo anakula hela yako. Cheti cha kuzaliwa kiwe cha RITA (wakala wa usajili wa serikali), na kama kilisajiliwa ukubwani jiandae kuulizwa, mi niliulizwa nikapeleka na cha ubatizo na leaving ya shule ya msingi.

Ukifika, ndani ya wiki mbili unasajili makazi manispaa, halafu ofisi ya wageni inakupa kibali cha ukaazi. Hapa niwape maua yao: kibali cha mwenza wa Mjerumani kinaruhusu kazi yoyote toka mwanzo. Linganisheni na alichokipata mke wangu Moshi. Bima ya afya kama hujaanza kazi unaingia kwenye ya mkeo bila kulipia kama yeye yupo kwenye bima ya umma. Kozi ya Kijerumani, hii ya kuwaingiza wageni, ni masaa 600 ya lugha na 100 ya historia na sheria zao, lengo B1, yani ngazi ya tatu ya lugha.

Kwa hiyo karatasi iko sawa. Sasa njoo kwenye maisha.

Kwanza, kibali chako kimefungwa kwenye ndoa. Mpaka mkae pamoja huku miaka 3 ndo unapata haki ya kubaki kwa miguu yako hata mkiachana, ukitoa mazingira magumu kama kupigwa, hapo sheria inakulinda mapema. Kwenye ndoa nzuri hii kitu hamuioni, lakini ipo mezani. Siku mmekwaruzana, unajua mwenzio akisema imetosha yeye anabaki kwao na wewe unafungasha. Mke wangu hajawahi kunitishia hata mara moja, ila mi nilikua nameza maneno ambayo Moshi ningeyasema. Nilipomwambia akashangaa sana, halafu akanyamaza, akasema na yeye Moshi alikua anameza.

Pili, kodi. Huku wanandoa wanachagua madaraja ya kodi. Mwenye mshahara mkubwa anakaa la 3, mdogo la 5, na wa la 5 anakatwa mpaka anabaki na mifupa. Kwa nyumba nzima mwezi unaonekana una nafuu, lakini mimi nilikua ghalani napanga mizigo (ndio, maboksi, wenye kucheka chekeni) naleta salary slip inayotia huruma, najiona kama mtoto anaepewa hela ya kula shule. Tukabadili wote tukaenda la 4. Hesabu ya mwaka mzima mwisho inafanana tu, ila kila mwezi naona jasho langu kwa jina langu. Msiidharau hii.

Tatu, hela ya nyumbani. Mke wangu hana shida na kusaidia, shida yake ilikua simu ya saa tano usiku, "mjomba amelazwa, tuma sasa hivi". Kwao hospitali inalipwa na bima, kwahiyo mgonjwa kwake sio hela, ni maua na kumtembelea. Nilimueleza kwamba kwetu bima ni mimi. Tukaweka fungu, kila mwezi kiasi fulani kinaingia akaunti ya pembeni, kikiisha kimeisha, na mwenye kuamua nani apewe ni mama yangu sio mimi. Mama kawa mkali kuliko benki, wajomba sasa wanamuogopa. Fungu la kwao pia lipo, la zawadi za krismasi na za bethidei za watu hamsini, na mi silihoji.

Nne, hii itawachekesha. Huku Swabia (ndo eneo letu hili) kuna kitu kinaitwa Kehrwoche, kila mpangaji ana wiki yake ya kufagia ngazi za jengo na mbele ya nyumba, kibao kinaning'inizwa mlangoni kwako. Nikawa nafagia huku naongea na binamu kwa video. Kesho yake kijiji kizima wanajua nimeolewa, nafagishwa. Mama akapiga simu anauliza kwa sauti ya chini "mwanangu, huyo mwanamke anakutesa?" Ikabidi mke wangu mwenyewe ajirekodi akifagia wiki yake ndo mji ukatulia.

mkenya wa Köln:

Niaje wadau. Mimi ni Mkenya, mzee wangu ni Mholanzi na tunaishi hapa Ujerumani, so wacha niwashangaze. Mimi sikuulizwa A1 hata kidogo! Juu bwanangu ni raia wa EU (Umoja wa Ulaya) mwenye amehamia nchi nyingine ya EU, tunaingia kwa sheria ya Ulaya ya kutembea huru, sio ya Wajerumani. Nilipewa kadi ya miaka mitano. Mjerumani akioa Mkenya ndani ya nchi yake mwenyewe anasumbuliwa na A1 na Mholanzi hasumbuliwi. Hiyo huwa inawauma sana rafiki zangu.

Na kwetu Kenya afadhali kidogo, katiba ya 2010 imesema mtu akikaa kwa ndoa na Mkenya miaka saba anaweza kuomba uraia, awe mume awe mke. Na sisi tunaruhusiwa uraia pacha. Shamba mgeni hamiliki milele, ni lease ya miaka 99 mwisho. So sisi plan yetu ni hiyo, watoto wamalize primary hapa kisha turudi Nakuru na yeye akuwe mgeni kidogo, aonje 😄 Ameshaanza Kiswahili, ile ya kusema "habari yako wewe" kwa kila mtu.

nesi wa Leicester:

Kwa wanaoangalia Uingereza, huku ni mshahara kwanza mapenzi baadae. Toka Aprili 2024 mwenyeji anatakiwa aonyeshe kipato cha paundi 29,000 kwa mwaka, zamani ilikua 18,600. Bado ada ya afya paundi 1,035 kwa kila mwaka wa viza, inalipwa yote mbele. Nina rafiki yangu, mume Mwingereza mpole kabisa, fundi bomba, hafiki hicho kiwango. Mke yupo Mwanza, mtoto anamjua baba kwa simu. Mleta uzi kasema viza ni karatasi tu, kwa Ujerumani sawa mkuu, kwa huku viza ni hela.

mpare wa milimani:

@nesi wa Leicester nimekubali, nafuta kauli kwa upande wa Uingereza.

@mkenya wa Köln hapo kwenye uraia pacha ndo kidonda chetu. Ujerumani toka tarehe 27 Juni 2024 hawakulazimishi kuacha uraia wako wa zamani, na mwenza wa Mjerumani anaweza kuomba uraia akiwa na miaka 3 ya kukaa huku na ndoa ya miaka 2, B1, na ule mtihani wa uraia wa maswali 33 ambao ukipata 17 umepita. Wao wanasema njoo na chako. Sisi ndo tunasema ukichukua cha watu, chetu rudisha. Binti yangu ana vyote viwili kwa kuzaliwa ila akifika miaka 18 Tanzania itamtaka achague. Najua kuna hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, mabadiliko ya sheria Bunge lilishapitisha 2025, ni hatua, ila hadhi sio uraia, kura hupigi. Mi sijaomba uraia wa huku. Mke wangu anauliza kwanini na kila nikimjibu jibu linatoka tofauti.

msukuma leo:

Mkuu umeongea mengi ila hujajibu la msingi, mkeo anarudi lini Moshi kwenye zamu yake? Au ndo umeshawekwa sawa huko?

mpare wa milimani:

@msukuma leo swali zuri, halina matusi ndani yake kama nilivyotarajia.

Tulichokubaliana ni hivi. Mi nipo kwenye Ausbildung, mafunzo ya ufundi ya miaka mitatu na nusu ya umeme wa magari na mitambo, unasoma huku unalipwa. Nikimaliza nina cheti cha Kijerumani mkononi. Yeye kwa kipindi hicho anatafuta nafasi na taasisi inayoweza kumpeleka Tanzania ikiwa imeshamuombea vibali vyake, ili safari hii asije kama mtegemezi wa mtu. Asipopata, hatuendi mpaka apate. Hatuendi na mmoja mikono mitupu tena. Mama yangu hajafurahia hilo jibu, mama mkwe kafurahi kupita kiasi, na hapo ndo utajua hakuna jibu la kuwaridhisha wote.

Mama mkwe mwenyewe mtu mzuri, ila alitaka nimuite kwa jina lake la kwanza. Kwetu mkwe unampisha njia! Nilikua napanga sentensi ndefu ndefu ili jina lisihitajike. Mtoto alipozaliwa tukapona, sasa wote tunamuita Oma, yani bibi.

binti chumbageni:

Mi swali langu la mwisho, mimi nina mimba ya miezi sita nipo Hamburg, nataka mama aje anilee baada ya kujifungua kama desturi, arobaini kamili. Mume wangu anasema mama yake atakua anakuja kutusalimia jumapili. Kusalimia!! Na keki. Nitumie njia gani mama apate viza?

mpare wa milimani:

@binti chumbageni hongera sana dada. Huyo Oma wa keki tulikua nae na sisi, saa tisa anafika, saa kumi na moja kaaga, na kwao huo ndo upendo, wanaogopa kukusumbua. Mumeo muelewesha mapema kwamba mama akija haji kutalii, anashika jiko na anamuogesha mtoto, na yeye asije akajisikia kafukuzwa kwenye nyumba yake. Wangu mke alipata shida siku za mwanzo, mama anaingia chumbani bila kugonga, anamfunga tumbo. Wiki ya pili akawa hataki mama atoke.

Utaratibu: mumeo au wewe mwende ofisi ya wageni mkaombe Verpflichtungserklärung, barua rasmi ya kusema gharama za mgeni ni juu yenu, ada yake euro 29, wataangalia mishahara. Mama apeleke hiyo na maombi ya viza ya Schengen (ya matembezi ya muda mfupi Ulaya), ada euro 90, bima ya safari inayofika euro 30,000 na kuendelea. Atapata mwisho siku 90 ndani ya 180, arobaini inaingia mara mbili. Aambatanishe na vitu vya kuonyesha atarudi, shamba, wajukuu wengine, barua ya kikundi cha vikoba, chochote. Muanze sasa hivi, miezi mitatu itaenda haraka na miadi haipatikani ukiitaka.

Begi lake likagueni kwa video kabla hajatoka. Nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingia EU, kwahiyo samli ya uzazi ataiacha hata kama kaificha kwenye kopo la mafuta ya nazi. Samaki wakavu wanaruhusiwa mpaka kilo 20, dagaa abebe tu, ila awafunge vizuri mara tatu maana jengo la Hamburg lina majirani, na majirani wa huku wanaandika barua.

binti chumbageni:

Kilo 20 za dagaa naziomba zote. Mume wangu atahamia balkoni 😂😂 Asante kaka, naenda kumpigia mama sasa hivi kabla hajalala.